Kila abiria na begi lake ni dakika nne za angani: kukodi ndege binafsi kubwa ya zamani kwa safari ndefu ya kikundi

Mleta uzi, Dar es Salaam

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikihudumia ndege za kukodi katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Kazi yangu ni kuipokea ndege, kuagiza mafuta, kufuatilia vibali na kuwasindikiza abiria hadi kwenye ngazi. Naandika uzi huu kwa ajili ya familia moja ya watu 14 niliyoihudumia ikienda harusini Uingereza, kwa sababu yaliyowapata yangeepukika kama mtu mmoja tu angewafanyia hesabu ya kilo kabla hawajalipa.

Familia hiyo ilikodi Gulfstream IV-SP kupitia kwa dalali ambaye sitamtaja. Waliambiwa kwamba wangeruka moja kwa moja hadi London bila kutua popote. Nahodha alipopewa idadi ya watu na kuiona mizigo yao, alisema papo hapo kwamba jambo hilo haliwezekani na kwamba ni lazima watue njiani kujaza mafuta. Kibali cha kutua hakikuwa kimeombwa, wala mafuta ya njiani hayakuwa yameagizwa, kwa hiyo tulikaa saa tano tukihangaika na simu. Masanduku tisa hayakuingia kwenye chumba cha mizigo, nayo yalibaki mikononi mwangu, likiwemo lenye nguo za bibi harusi, na ingawa niliyatuma kwa ndege ya mizigo usiku uleule, yalifika baada ya harusi kwisha. Ndege yenyewe ilichelewa hadi ikakuta uwanja waliokuwa wameupanga umefungwa, ikatua uwanja mwingine, huku magari ya kuwapokea yakisubiri kule kwa kwanza. Bibi wa familia, mwenye umri wa miaka 81, alikaa kwenye kiti muda wote huo. Hadi leo nikikumbuka uso wake naumia.

Sasa niieleze ndege yenyewe, maana sina ugomvi nayo hata kidogo. Gulfstream IV iliruka kwa mara ya kwanza Septemba 1985, na IV-SP ni toleo lake la miaka ya 1990 lililoongezewa uwezo wa kubeba uzito. Ina injini mbili za Rolls-Royce Tay. Ukumbi wake wa abiria una urefu wa karibu mita 13.7, upana wa mita 2.24 na kimo cha mita 1.88, kwa hiyo watu wengi husimama wima bila kuinama, na chumba cha mizigo kiko nyuma, kinafikiwa hata mkiwa angani. Bei ya kuinunua imeshuka sana kwa sababu ya umri, na ndiyo maana bei yake ya kukodi kwa saa huwa chini kuliko ya ndege mpya zenye ukubwa kama huo. Kwa kikundi cha watu kumi hivi wanaotaka kukaa pamoja, kuzungumza na kufika bila kubadilisha ndege, ni chombo kizuri.

Tatizo liko kwenye kipeperushi. Kipeperushi husema viti 14, na ukurasa wa pili husema umbali wa kilomita 7,800 bila kutua. Yote mawili ni kweli, ila hayawi kweli siku moja. Umbali huo hupimwa kukiwa na abiria wanane, kwa mwendo wa kiasi na katika hali ya hewa tulivu. Kutoka Dar es Salaam hadi London kwa mstari ulionyooka ni kilomita 7,500. Kwenye karatasi inabaki nafasi ya kilomita 300, na dalali yule aliuza hizo kilomita 300.

Uzito wa juu unaoruhusiwa ndege hii inaporuka ni kilo 33,800 hivi. Matangi yakijaa kabisa yanachukua kilo zipatazo 13,300 za mafuta. Ukitoa uzito wa ndege yenyewe, samani zake na wahudumu wake, kinachobaki kwa watu na mizigo matangi yakiwa yamejaa ni karibu tani moja tu, na kiasi hicho hutofautiana kati ya ndege na ndege kwa sababu kila mmiliki alijaza ukumbi wake alivyopenda. Tuseme abiria mmoja ana kilo 75 pamoja na nguo alizovaa, na begi lake lina kilo 23. Hizo ni kilo 98. Ndege hii hunywa mafuta kiasi cha lita 1,800 kwa saa, yaani takribani kilo 1,440. Kwa hiyo kila abiria na begi lake, pale ambapo uzito umefika kikomo, anaondoa mafuta ya dakika nne, ambazo angani ni kilomita 57 hivi. Abiria sita zaidi ya wale wanane wa kwenye kipeperushi ni dakika 24, nazo ni kilomita 340. Ile nafasi ya kilomita 300 imekwisha, na bado hatujauhesabu upepo, wala mzunguko wa njia. Tangu vita vilipoanza Sudan tarehe 15 Aprili 2023, ile njia iliyokuwa ikipita juu ya Khartoum kwenda Ulaya imevurugika, na ndege zitokazo kwetu huzunguka.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye ndege lisiwe bei. Mpelekeeni idadi ya watu, uzito wao wa kweli, idadi na uzito wa mabegi, tarehe na saa ya kuondoka, kisha mwombeni awaandikie ndege itatua wapi kujaza mafuta. Mwendeshaji wa kweli hujibu swali hilo siku hiyohiyo kwa maandishi. Anayejibu kwamba mambo hayo yataangaliwa siku ya safari hajafanya hesabu, au amefanya na hataki muione.

Mafuta si jambo la kuchezea, na kuna ajali ambayo kila anayekodi ndege kubwa ya zamani angepaswa kuijua. Tarehe 2 Februari 2005, Challenger 600 ya kukodi yenye watu 11 ilishindwa kunyanyuka katika uwanja wa Teterboro, New Jersey. Ilipita mwisho wa njia ya kurukia, ikavuka barabara kuu iliyojaa magari na kuingia ndani ya ghala. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu. Wachunguzi wa Marekani waliona kwamba marubani hawakuhakikisha uzito umepangwa ndani ya mipaka, na ndege ilikuwa nzito mno upande wa mbele. Kampuni iliyoikodisha haikuwa na cheti chake yenyewe cha kubeba abiria kwa malipo, na viongozi wake walishtakiwa baadaye. Mahakamani ilielezwa kwamba kampuni ilikuwa na desturi ya kujaza mafuta kupita kiasi pale yanapouzwa kwa bei nafuu ili kuongeza faida.

Kuhusu bei nitasema kwa ufupi, kwa sababu wengi wanaijua bei ya saa na hawazijui saa zenyewe. Tuchukue dola 7,000 kwa saa, kwa ajili ya hesabu tu. Safari ya Dar es Salaam hadi London kwa kutua Athens ni kama saa 10 za kuruka, na mtu hupiga hesabu ya dola 70,000 akafurahi. Lakini ndege za namna hii zinazokuja kwetu, kwa niliyoyaona, nyingi hutokea Lanseria karibu na Johannesburg au Dubai. Ikitokea Lanseria, inakuja tupu kwa saa tatu, kisha ikiwashusha London inarudi tupu kwa zaidi ya saa 11. Saa zenye abiria ni 10, saa tupu ni 14, na zote zinalipwa na ninyi. Hesabu inakuwa dola 168,000, kabla ya ada za kutua, vibali vya kupita anga, chakula na malazi ya marubani. Ndiyo maana kwa safari ya siku chache huwa nafuu zaidi kuilipia ndege iwasubiri kuliko kuikodi mara mbili.

Maswali yanakaribishwa. Nitajibu ninayoyajua.

Mchangiaji, Mwanza

Mleta uzi, nakushukuru kwa kutuandikia kwa kina. Hata hivyo naomba uniruhusu kutofautiana nawe. Kwa nini mtu awapandishe wazazi wake kwenye ndege iliyoundwa miaka ya 1990, wakati mashirika makubwa yanampeleka London kwa kubadilisha ndege mara moja tu, Addis Ababa au Doha, tena kwa ndege mpya? Kwa dola 168,000 familia ya watu 14 ingekaa daraja la biashara kwenda na kurudi na fedha ingebaki. Halafu kuna suala la usalama wa chombo kikuukuu, ambalo umelipita haraka mno.

Mleta uzi, Dar es Salaam

Ndugu yangu wa Mwanza, la kwanza nakubaliana nawe moja kwa moja. Kama kikundi kinakwenda mji mmoja wenye ndege za ratiba, na hakuna mgonjwa wala mzee asiyeweza kupita viwanja viwili, daraja la biashara ni uamuzi bora, nami huwaambia hivyo hata watu wanaonijia na fedha mkononi. Ndege ya kukodi inaleta maana pale ambapo kikundi kina miji mitatu kwa siku nne, au kina mtu anayehitaji kulala njia nzima, au kinakwenda mahali ambapo ndege za ratiba hupita mara mbili kwa wiki. Familia niliyoitaja ilikuwa na huyo bibi, na daktari wake alikuwa ameshauri asibadilishe ndege.

Kuhusu usalama, namwachia anayejua zaidi yangu. Najua miongoni mwenu wamo mafundi.

Mchangiaji, Nairobi

Naam, mimi ni fundi wa ndege mwenye leseni, na naomba nichangie kuhusu umri wa chombo. Umri wa ndege ukitajwa peke yake hauelezi mengi. Ndege hupita katika ukaguzi wa ratiba kwa kufuata saa ilizoruka, idadi ya kutua na miaka ya kalenda, na iliyotunzwa vizuri kwa miaka 25 inaweza kuwa salama kuliko iliyokaa bila matunzo kwa miaka minane. Kinachobadilika kwa ndege ya zamani ni mambo mawili. La kwanza ni vipuri: kifaa kikifa mkiwa mbali na nyumbani kwake, kukipata kunaweza kuchukua siku kadhaa. Kwa hiyo mkataba useme wazi ni ndege gani mbadala italetwa, baada ya saa ngapi, na nani atalipa tofauti ya bei. Mikataba mingi husema tu kwamba mwendeshaji atajitahidi, na neno hilo halimleti mtu nyumbani.

La pili ni fedha. Matengenezo makubwa ya injini yanapokaribia kuipita thamani ya ndege nzima, mmiliki asiye na nidhamu hushawishika kuahirisha. Ombeni mwendeshaji awaonyeshe kwamba injini zake zimo katika mpango wa matengenezo unaolipiwa kwa kila saa inayorukwa. Mwenye mpango huo hana sababu ya kuahirisha, kwa kuwa ameshalipa kidogokidogo.

Ila niseme jambo linalonigusa zaidi. Ajali ya Gulfstream IV ninayowafundisha vijana wangu karakana haikutokana na uchakavu. Tarehe 31 Mei 2014, katika uwanja wa Hanscom, Bedford, Massachusetts, ndege hiyo ilishindwa kunyanyuka ikaingia bondeni na kuwaka moto, wakafa watu wote saba waliokuwamo, akiwemo Lewis Katz, mmoja wa wamiliki wa gazeti la Philadelphia Inquirer. Kuna kifaa kinachofunga usukani na vibawa vya mkia ndege inapoegeshwa ili upepo usivitikise, na marubani hawakukifungua. Wachunguzi walipochukua kumbukumbu za safari 175 zilizotangulia, waliona kwamba ukaguzi kamili wa usukani kabla ya kuruka ulifanyika katika safari mbili tu. Marubani wale walikuwa wazoefu na walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka. Hawakuwa wakisoma orodha ya ukaguzi, basi. Kwa sababu hiyo mimi humshauri anayekodi aulize marubani walifanya mazoezi kwenye mtambo wa kuigiza urukaji lini na wapi, na kama kampuni imekaguliwa na wakaguzi wa nje kama ARGUS au Wyvern.

Kuhusu hesabu ya kilo, niongeze habari ya mwinuko. Kutoka Nairobi hadi London ni kilomita 6,840 tu, pungufu ya Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 600, na mtu angedhani amepona. Lakini Jomo Kenyatta iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyembamba hupunguza nguvu ya injini na hupunguza mnyanyuo wa mabawa, na jua la saa nane mchana huzidisha upungufu huo. Njia yetu ya kurukia ina zaidi ya kilomita nne, kwa hiyo urefu si shida kubwa. Kikwazo ni kupanda: injini moja ikizimika wakati wa kuruka, ile iliyobaki lazima iweze kuipandisha ndege kwa kiwango kilichowekwa na sheria, na nahodha akiona haitaweza, hupunguza mafuta au watu. Ukiondoka alfajiri unapata kilo ambazo ungezikosa mchana.

Na msiichanganye IV na Gulfstream II na III. Mtu akiwapa hizo kwa bei ya chini sana kwa safari ya Marekani, jueni kwamba tangu mwisho wa mwaka 2015 ndege za jeti za uzito wa aina hiyo zisizotimiza kiwango cha tatu cha kelele haziruhusiwi kuruka katika majimbo ya bara ya Marekani, isipokuwa ziwe zimefungwa vifaa vya kupunguza kelele. Hata IV, kama inavuka Atlantiki ya Kaskazini, inahitaji mawasiliano ya data, yaani ujumbe wa maandishi kati ya marubani na waongoza ndege, ili iruhusiwe katika kimo kizuri cha kati, la sivyo hulazimika kuruka chini zaidi ambako hula mafuta mengi, au juu zaidi ambako ikiwa nzito haiwezi kufika mapema.

Mchangiaji, Mombasa

Shukrani nyingi kwa mafunzo haya. Mimi nina swali la moja kwa moja. Kuna bwana tunayefahamiana naye ambaye ana ndege yake ya aina hii, isiyo ya kampuni. Amesema tuchangie mafuta na posho za marubani tu, yeye atatupeleka watu 11 hadi Istanbul na kuturudisha. Gharama yake ni chini ya nusu ya bei za makampuni. Kuna ubaya gani hapo, ikiwa marubani ni haohao na ndege ni ileile?

Mleta uzi, Dar es Salaam

Kaka yangu wa Mombasa, nakuomba usipande. Nasema hivyo kwa uzito wote ninaoweza kuuweka kwenye maandishi. Anayebeba watu kwa malipo anatakiwa awe na cheti cha mwendeshaji wa ndege kilichotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake, na ndege hiyohiyo, kwa namba yake ya usajili, iwe imeorodheshwa chini ya cheti hicho. Cheti hicho ndicho kinacholeta mipaka ya saa za kazi za marubani, mazoezi yao na ukaguzi wa kushtukiza. Bima nayo huandikwa kwa kufuata matumizi: iliyoandikwa kwa safari za mmiliki binafsi inaweza kukataa kulipa siku ikigundulika kwamba abiria walitoa fedha. Hapo watoto wa marehemu hubaki wakizungushwa mahakamani.

Tarehe 21 Januari 2019 mchezaji wa mpira Emiliano Sala alipandishwa ndege ndogo kutoka Nantes kwenda Cardiff katika safari ya namna hii. Rubani, aliyekufa pamoja naye, hakuwa na leseni ya kubeba abiria kwa malipo, na aliyeipanga safari alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2021. Ile ilikuwa ndege ya injini moja, tofauti kabisa na tunayoizungumzia, lakini mpango ulikuwa huohuo wa bei ya kirafiki.

Jambo la kufanya ni dogo. Omba namba ya usajili ya ndege na nakala ya cheti, kisha andika kwa mamlaka iliyokitoa uulize kama ndege hiyo imo. Kwa Kenya ni KCAA, kwetu ni TCAA. Ndege ya nje inayokuja kubeba abiria kwa malipo hapa kwetu inahitaji kibali pia, na kibali hicho huombwa kwa jina la mwenye cheti, wala hakiombwi kwa jina la rafiki.

Mchangiaji, Muscat

Assalaam alaykum. Mimi naandika kutoka Muscat. Kila mwaka tunakwenda Unguja kuzuru jamaa, na mwaka huu tuko 13, pamoja na mama yetu mzazi na watoto wanne. Kaka wa Dar, baada ya kuyasoma haya yote nimeingiwa na hofu. Je, ndege hii ya zamani inatufaa au tuiache? Na tukiruka usiku, sote tutapata mahali pa kulala? Dalali anasema viti vyote vinakuwa vitanda.

Mleta uzi, Dar es Salaam

Wa alaykum salaam wa rahmatullah, ndugu yangu. Ondoa hofu, kwa sababu safari yenu ni kinyume cha ile niliyoanza nayo. Muscat hadi Unguja ni kilomita 3,900, karibu nusu ya uwezo wa IV-SP. Hamhitaji matangi kujaa, kwa hiyo kilo za watu na mabegi zinapatikana tele, viwanja vyote viwili viko karibu na usawa wa bahari, na njia ya kurukia ya Abeid Amani Karume ina takribani kilomita tatu. Watu 13 kwa saa tano ni matumizi mazuri kabisa ya ndege hii. Hapo cha kuangalia ni ujazo wa mizigo, maana chumba cha nyuma kina mita za ujazo 4.8 tu, na nawafahamu ndugu zetu wa Oman wanavyokuja na zawadi. Masanduku magumu hupoteza nafasi kwenye kona. Tumieni mabegi laini, na vitu vizito vitangulizeni kwa meli.

Kuhusu vitanda, mwulize dalali akuchoree. Katika ukumbi wa kawaida wa viti 14, viti viwili vinavyotazamana huungana kuwa kitanda kimoja, kwa hiyo viti vinne vinalaza watu wawili, na sofa ya watu watatu hulaza mmoja. Ukihesabu hivyo utaona kwamba wanaolala kweli ni sita au saba. Mama apewe sofa, watoto walale wawiliwawili, na ninyi wengine mtaegemea. Kama mnataka kila mtu alale kitandani usiku, rukeni mchana na suala hilo liishe. Na mkihitaji intaneti, ulizeni inapatikana kwa njia gani, kwa sababu ndege nyingi za zamani zilizotoka Marekani zina mfumo unaopokea kutoka minara ya ardhini ya Amerika ya Kaskazini, na huku kwetu haufanyi kazi kabisa.

Mchangiaji, Leicester

Naomba kuongeza mambo mawili kwa wanaokuja huku Uingereza. Viwanja vidogo vinavyopokea ndege binafsi vina saa zao. Farnborough, kwa mfano, hufungwa saa nne usiku siku za kazi na saa mbili usiku Jumamosi na Jumapili. Kikundi kinachoondoka Dar es Salaam saa tatu asubuhi siku ya Jumamosi wakati wa kiangazi, kikitua njiani kwa saa moja na nusu, kinafika huku kama saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa za hapa. Akiba yao ni saa moja na nusu tu. Nadhani ndicho kilichoipata familia uliyoitaja.

Pili, kuna kodi ya abiria wa anga wakati wa kuondoka Uingereza. Ndege yenye uzito wa tani 20 au zaidi lakini yenye nafasi ya abiria wasiofika 19 hutozwa kiwango cha juu kabisa, na IV-SP yenye tani karibu 34 imo humo. Kwa safari ya kurudi Afrika Mashariki ni fedha nyingi kwa kila kichwa, na madalali wengi huiacha nje ya bei ya kwanza.

Mleta uzi, Dar es Salaam

Umenena kweli, dada au kaka wa Leicester, ndicho kilichowapata, na kodi hiyo nayo iliwakuta hawajui.

Wengine wamenitumia ujumbe wakiuliza familia ile ilirudije. Waliniomba niwasaidie kupanga safari ya kurudi na mwendeshaji yuleyule, na nahodha, ambaye ni mtu mwungwana, alishirikiana nami tangu mwanzo. Kila mtu alipima begi lake nyumbani kwenye mizani ya bafuni, kikomo kikiwa kilo 18, na uzito wa kila abiria ukaandikwa kama ulivyo, bila kuona haya. Saa za kuruka zilikuwa zinakaribia 10, ambazo chini ya kanuni za Marekani za ndege za kukodi ni kikomo cha marubani wawili ndani ya saa 24, na kanuni zilizomwongoza mwendeshaji wao hazikuwa mbali na hapo, kwa hiyo aliongezwa rubani wa tatu. Naye ana kilo zake, tukaziingiza kwenye hesabu. Mafuta ya Athens yaliagizwa siku tatu kabla na kibali kikapatikana kwa maandishi. Masanduku ya ziada yalitangulia kwa ndege ya mizigo.

Waliondoka asubuhi, wakakaa Athens dakika 55, wakatua Dar es Salaam kabla ya saa sita usiku. Bibi alikuwa amepewa sofa na alilala kutoka Athens hadi tulipomfungulia mlango. Aliniuliza kama yale masanduku yake yalikwishafika, nikamjibu kwamba yapo ofisini kwangu tangu jana.